Msamaha Usiokuwa Wake

Mume wangu aliishiwa na sauti asubuhi ya Jumanne, akiwa amesimama ndani ya Ngome ya Yesu mbele ya wageni wanne wa Kitaliano. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watalii, miaka thelathini na kitu, na alikuwa mtu wa maneno: Kitaliano, Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa cha kubahatisha, na Kimvita chake cha nyumbani ambacho hakukipunguza kwa ajili ya mtu yeyote. Wenzake waliniambia baadaye kwamba alikuwa katikati ya sentensi. Alinyamaza, akaweka mkono ukutani, akakaa chini taratibu kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka. Wageni walidhani ni sehemu ya maelezo.

Kilikuwa kiharusi, na kilimpiga mahali pabaya, pale ubongo unapokutana na shingo. Alilazwa wiki saba. Daktari aliniita kando akaniambia nisijidanganye, mwili unapumua lakini mwenyewe hayupo. Nikamrudisha nyumbani, mtaa wa Kibokoni. Wanaume wanne walimpandisha ngazi zetu nyembamba, tukamlaza chumba cha mbele, karibu na dirisha la barabarani.

Aliyegundua kwamba yupo hakuwa mimi. Alikuwa muuguzi mstaafu, mama wa bara, Mkristo, aliyekuja Mombasa zamani na mumewe mfanyakazi wa reli na asirudi kwao tena. Alikuwa akija kunifundisha kumgeuza mgonjwa asipate vidonda. Siku ya tatu alisimama ghafla, shuka mkononi.

"Mama, umeyaona macho yake?"

"Yana nini?"

"Nimemwambia nitamgeuza kushoto. Ametazama kushoto kabla sijamgusa." Akainama. "Mzee, kama unanisikia, tazama juu."

Akatazama juu.

Nilitoka nje ya chumba. Nilikuwa nimesema mambo mengi mbele yake katika wiki zile, na mengine ningependa asiyasikie.

Muuguzi alikata ubavu wa katoni akaandika herufi kwa kalamu nene, safu tano. Nilimsomea safu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikifika kwenye safu yake, alitazama juu. Kisha nilimsomea herufi za safu ile moja moja, akatazama juu tena. Kutazama chini ilikuwa hapana. Neno la kwanza alilolitoa lilikuwa "maji". Lilituchukua muda wa kuchemka birika la chai, na lilipotimia nililia kama nimeambiwa jambo kubwa.

Tuliishi hivyo miaka mitatu. Nikawa mwepesi. Herufi mbili zikitoka, mimi nilishalijua neno. Tatu, nilishaijua sentensi. "Ma?" "Maji? Magoti yauma? Mapazia?" Akatazama juu, tukaendelea. Watu wa barazani walipanda kumjulia hali nami nikakaa baina yao, nikisoma herufi na kuwapa jibu. Walitoka wakinisifu. "Huyu mke wake ndiye ulimi wake," nilimsikia mmoja akisema ngazini, na sitasema uongo, nilifurahi. Nilijiona nina faida ambayo hakuna mwanamke mwingine mtaani aliyekuwa nayo.

Katika miaka hiyo alikuja kaka yake. Walikuwa hawasemezani kwa miaka kumi na moja. Mama yao alipofariki, mume wangu alikuwa Lamu na wageni. Akapiga simu akaomba angojwe hadi alasiri. Kaka yake, aliyekuwa mkubwa wa familia, akasema maiti haikai, wakazika adhuhuri. Mume wangu alifika makaburini udongo umeshasawazishwa. Tangu siku hiyo, wakikutana barabara ya Ndia Kuu, mmoja huvuka upande wa pili.

Shemeji yangu alikaa ukingoni mwa kitanda, naye mwenyewe mgonjwa, moyo ulikuwa umemchoka. Akamwambia nduguye, "Nimekuja unisamehe." Akalia. Sikuwahi kumwona mzee yule akilia. Nikashika katoni upesi. Mume wangu akatoa M, akatoa W, akatoa A, kisha M na B.

"Mwambie," nikasema. "Mwambie nimemsamehe?"

Nakumbuka macho yake yalikaa palepale kitambo. Kisha yakashuka. Nikasema amechoka, kwa kuwa jioni alikuwa akichoka, nikamwambia shemeji, "Amekusamehe." Mzee akaubusu mkono wa nduguye akaenda zake. Miezi miwili baadaye tulimzika.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, ameolewa nchi ya baridi na anafanya kazi katika maabara ya hospitali. Ndiye aliyepiga simu siku moja saa za asubuhi, akaniomba niielekeze kamera kwa baba yake. Akatueleza sote wawili. Wapo madaktari wanaopasua fuvu na kuweka juu ya ubongo kipande kidogo kuliko ukucha, chenye vinywele vya chuma visivyoonekana vizuri kwa macho. Vinywele hivyo husikiliza pale ubongo unapouamrisha mkono. Mkono hauendi, lakini amri bado inatoka. Mashine inaidaka na kuigeuza maandishi. Ni majaribio, akasema. Hawaahidi kitu. Walikuwa wakitafuta watu kama baba.

"Hatari yake?" nikauliza.

"Ipo, mama. Kutoka damu. Usaha. Au kukosa kufanya kazi kabisa."

Nikachukua katoni. "Bwana, wataka?" Akatoa N, A na T. "Nataka?" nikauliza, naye akatazama juu, macho yakakaa huko hadi yakamtoka machozi.

Karatasi zilikuja kurasa arobaini, Kiingereza kitupu. Nilitia sahihi kila waliponionyesha. Viza yake ilitoka, yangu ikanyimwa. Nikaomba mara ya pili, nikanyimwa tena bila maelezo. Binti yangu akaja kumchukua. Wanaume wanne wakamteremsha ngazi. Uwanja wa ndege walinizuia mlangoni, nikabaki nimeshika katoni ya herufi. Nilisahau kuwapa.

Nilidhani nitapumzika. Miaka mitatu sikulala usingizi mzima, na sasa hapakuwa na wa kumgeuza, wa kumlisha, wa kumnyoa. Siku za mwanzo niliamka alfajiri, nikasimama katikati ya chumba cha mbele bila kujua nifanye nini na mikono. Nilikuwa nimezoea kusema kwa sauti, kumweleza nani anapita chini, samaki gani ameingia sokoni. Nikaendelea kusema peke yangu, kisha nikajisikia, nikaacha. Watu nao hawakupanda tena. Niligundua kwamba walikuwa wakija kwake, na mimi nilikuwa mlango tu. Muuguzi peke yake ndiye aliyekuja, Jumapili akitoka kanisani, tukanywa chai tukaulizana habari ambazo hazikuwepo.

Operesheni ilikwenda salama. Binti yangu alinitumia picha yake kichwa kimefungwa bendeji, na baadaye picha nyingine: utosini imetokeza soketi ya chuma, kama ya umeme, na waya umechomekwa humo. Niliitazama mara moja nikaifuta. Walimwambia afikirie ameshika kalamu, aandike herufi hewani kwa mkono ule usiokwenda, moja moja, kila siku, hadi mashine ijifunze mwandiko wa mawazo yake. Wiki zikapita. Nilikuwa jikoni napepeta mchele, simu ikalia mezani.

"Habari yako mke wangu mpendwa. Ninaendelea vizuri. Ninakukumbuka sana."

Nilikaa chini, pale pale sakafuni, ungo mapajani. Nikaisoma mara nyingi. Kila nilivyoisoma ndivyo furaha ilivyonipungua, na sikuelewa kwa nini, hadi nikaelewa. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa hakuniita mpendwa hata siku moja. Aliniita "weye".

Nikampigia binti yangu. "Haya maneno ni ya baba yako?"

"Ni yake, mama. Yeye anaanza, mashine inampendekezea neno zima, kama simu yako inavyofanya. Akilikubali, inaandika. Vinginevyo atachoka."

"Inampendekezea kwa Kiswahili cha nani?"

Akacheka. "Cha vitabuni, nadhani."

Nikatuma ujumbe wa sauti. "Bwana, kama ni weye, niambie: wenzio wakikupa sigara ulikuwa ukiwaambia nani kakukataza?" Nikangoja. Jibu lilikuja neno moja tu: "Serikali." Ndivyo alivyoniita mbele ya marafiki zake, serikali. Nilicheka hadi jirani akabisha kuuliza kulikoni. Binti yangu aliniambia neno lile lilimtaabisha, maana kila akianza S mashine ilitaka kumwandikia "sigara".

Basi tukawa tunaandikiana. Kwa miezi kadhaa nilikuwa mke mwenye mume. Aliniuliza paa limezibwa au bado, nani kafungua duka pale kona. Akaikatalia mashine Kiswahili chake cha vitabuni. Ikimpa "macho" alilifuta, akaandika "mato" herufi kwa herufi, ikimpa "sijui" aliandika "siyui". Mafundi waliona ni makosa ya mashine wakahangaika kuirekebisha, binti yetu akawaeleza kwamba mzee ni mbishi.

Halafu siku moja nilipita Ndia Kuu kununua uzi, na mwenzake mmoja wa zamani, muuza vinyago, akaniita akicheka. "Mumeo kashatumaliza! Umeona alivyotuandikia jana?" Sikuwa nimeona. Walikuwa na kundi lao la simu, watembezaji wote wa ngomeni, na yeye alikuwemo wiki kadhaa akiwaandikia mizaha, akiwakosoa tarehe za Wareno. Muuza vinyago alinisomea. Yalikuwa maneno yake kabisa, ya kuchoma na kuchekesha. Nilicheka pamoja naye. Nilirudi nyumbani bila uzi.

Kwangu mimi siku hizo alikuwa akiandika sentensi mbili. Nikamuuliza kwa ujumbe wa sauti, tena kwa upole: "Mbona wenzio wapata mengi na mimi machache? Nimekukosea nini?"

Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, ujumbe ukaanza kuja vipande vipande, na ukaendelea hadi alasiri.

"Miaka mitatu ulinimalizia maneno. Nikianza langu, ukamaliza lako. Nilikubali kwa kuwa nilichoka na kwa kuwa ulikuwa ukifurahi. Watu wakicheka, wacheka maneno yako. Wakilia, walia maneno yako. Hayo si kitu. Lakini kaka yangu. Nilitaka kusema: mwambie akae. Nilitaka akae tuzungumze, anieleze kwa nini hakuningoja. Nilitazama chini ukasema nimechoka. Kaenda kaburini na msamaha wako, si wangu. Labda ningemsamehe. Siyui. Hukuniacha nikajua."

Nilikaa na simu mkononi. Adhana ya alasiri ikapita, sikuinuka. Nilitafuta pa kujitetea na sikupaona. Nilikumbuka macho yake yalivyoshuka. Niliyaona siku ile, niliyaona vizuri.

Kabla sijajua niseme nini, simu ikalia. Binti yangu alikuwa akilia. "Mama, sikukusudia kusoma. Yanapita kwenye skrini yangu."

"Nani mwingine amesoma?"

"Kila anachoandika kinahifadhiwa, mama. Wanakitafsiri. Ni kwa ajili ya utafiti. Imo katika karatasi ulizotia sahihi."

Kwa hiyo kosa langu, ambalo mwenyewe nilikuwa nalo kwa saa moja tu, lilikwisha kusomwa na watu nisiowajua, ng'ambo, wakilipima kama mfano mzuri wa sentensi ndefu. Sina chuki nao. Walikuwa wakimpa mume wangu kitu ambacho mimi sikuweza kumpa. Lakini tangu siku hiyo sikuweza kumwambia neno la ndani. Kila nilichotaka kusema nilikiona kikisomwa chumba cha mbali na mtu mwenye kikombe cha kahawa.

Nilinyamaza siku sita. Sikumweleza mtu, hata muuguzi, ingawa Jumapili ile aliniuliza kama naumwa. Siku ya saba nilituma ujumbe wa sauti mfupi. Nilisema: "Ni kweli. Niliyaona macho yako yakishuka. Sikutaka kungoja, kwa kuwa nilitaka niwe mimi niliyewapatanisha. Nisamehe, na ukitaka usinisamehe."

Jibu lilikuwa neno moja: "Nimesikia."

Hakuandika kwamba amenisamehe, nami sikuuliza tena.

Mwezi wa kumi tangu operesheni, herufi zikaanza kuharibika. Kwanza moja moja, kisha maneno mazima yalikuja hayasomeki. Binti yangu alieleza kwamba ubongo huota kovu kuzunguka vile vinywele, amri zake zikazidi kufifia. Mafundi wakaifundisha mashine upya kila asubuhi. Mchana ilikuwa imesahau. Ngozi kando ya soketi ikawa nyekundu, ikatoka usaha. Na wakati huohuo waliokuwa wakiugharimia utafiti wakasema umetimiza muda wake. Ujumbe wa mwisho niliopata ulikuwa nusu: "Waambie wasitoe b". Sikujua "b" ile ilikuwa inakwenda wapi. Bado? Bila kuniuliza? Nilijizuia kuimaliza. Waliutoa waya, wakakitoa na kile kipande, wakamshona, wakampa barua ya shukrani.

Alirudi amenenepa kidogo, kovu jeupe utosini pasipoota nywele. Wanaume wanne ngazini, safari hii wawili wao wageni, maana wengine wamehama mtaa. Nikamlaza mahali pake, nikaitoa ile katoni, nikaanza: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akatazama ukuta.

Hakutaka. Wiki ya kwanza nilidhani ni uchovu wa ndege. Wiki ya pili, ya tatu, nikishika katoni alifumba macho. Alikubali chakula, alikubali kugeuzwa, akitaka maji alitazama gilasi. Watu wakapanda kumwona, wakakaa, hawakupata kitu, wakaacha. Nimewahi kuishi peke yangu katika nyumba ile na nimewahi kuishi na mtu asiyetaka kusema nami, na ya pili ndiyo nzito.

Muuguzi aliniambia, "Mama, huyu amenyang'anywa ulimi mara mbili. Mpe muda." Nikampa. Nilimsomea magazeti. Nilimweka dirishani. Sikuishika katoni tena. Niliiegemeza ukutani pale anapoiona.

Ilikuwa baada ya Ramadhani, asubuhi moja ninamnyoa, nikaona macho yanakwenda kwenye katoni na kurudi kwangu. Nikafuta sabuni mikononi. Safu ya tatu. N. Nikangoja. I. Nilijua, au nilidhani najua, na nikafunga mdomo. Alipotoa herufi ya sita sikusema kitu. Ulimi uliniwasha. Tulianza baada ya chai na tulimaliza karibu na adhuhuri, uso wake una sabuni iliyokauka upande mmoja.

"Nikipata tena nitakwenda."

Binti yetu alikuwa ameshasema kwamba kuna madaktari wengine, wa kifaa kipya kisicho na soketi, waya wote unakaa chini ya ngozi. Sikuwa nimemwambia. Nadhani alisikia nikizungumza kwenye simu, kama alivyosikia kila kitu.

"Hata wakija kukitoa tena?"

Akatazama juu.

"Na ile siku ya kwanza, uliposema nataka? Ilikuwa yako au yangu?"

Safu moja baada ya nyingine, bila kumsaidia: "Yangu."

Nikainuka nikaenda jikoni kidogo, nikarudi nikamaliza kumnyoa. Mchana nilimwandikia binti yangu maneno ya baba yake kama alivyoyatoa, bila kuongeza wala kupunguza. Akauliza, "Na wewe mama, wasemaje?" Nikamwambia baba yako kashasema. Akasema, "Nimekuuliza weye." Tangu mwanzo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilimwambia nataka nizisome karatasi zote safari hii, zitafsiriwe, na nataka maneno baina ya mtu na mke wake yasihifadhiwe. Akasema atauliza kama inawezekana.

Hatujajibiwa. Nimepeleka tena picha zangu za viza, ingawa picha hazijapata kuwa ndizo zilizonikwamisha. Akienda, huenda nikabaki tena na vyumba vitatu na redio. Akibaki, kuna siku anasema nami na kuna siku anafumba macho, nami nimejifunza kuuacha uso wake utulie. Jana alitoa herufi nne, akaacha. Nilimuuliza kama amemaliza. Akatazama chini. Nikavuta kiti karibu, nikangoja.